Nyumba za mbao si aibu ya Goma

Ndugu Mhariri,

Siku hizi mtu akipata pesa kidogo hapa Goma, wazo la kwanza ni "durable", nyumba ya kudumu. Anang'oa mbao, anapandisha matofali ya sementi, na jirani aliyebaki na mbao anaanza kutazamwa kama mtu aliyeshindwa na maisha. Nimesikia hata watu waliosoma wakitaka komini, yaani tawala za sehemu za mji, zikataze kabisa nyumba za mbao mjini. Mimi ni fundi. Nimejenga za mbao, nimejenga na etaji, yaani za ghorofa, na ninaomba nafasi kidogo niwajibu.

Tukumbuke kwanza tumekaa juu ya nini. Volkano yetu, Nyiragongo, ilimwaga moto mwaka 1977, ikarudia Januari 2002, ikarudia tena Mei 2021. Ule wa 2002 ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala na kanisa kuu. Haukuuliza hii ni mbao au ni durable. Tofauti ilionekana baadaye: watu walirudi kujenga juu ya mawe yale yale mapya, na wengi walianza na mbao kwa sababu mbao zinaletwa na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, mpaka mlangoni na hazingoji mtu akusanye pesa ya sementi. Mwaka 2021 moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi. Kuta za matofali zilipasuka kutoka dirisha hadi msingi. Nyumba ya mbao ilitikisika, misumari ikalia, kisha ikatulia mahali pake.

Wanaoidharau wengi hawajawahi kuijenga. Unaanza na mtaimbo na nyundo kubwa kusawazisha mawe, kazi inayomaliza mgongo. Kisha unapanga ukuta mfupi wa mawe hayo hayo, unaofika magotini, ili mbao zisiguse maji yanayotiririka. Juu yake zinasimama nguzo za mikaratusi, halafu mbao zinapigwa moja ikilalia nyingine, mvua iteleze nje isiingie ndani. Wengine wanapaka mafuta machafu ya injini, nyumba inakuwa nyeusi, haipendezi sana, lakini mbao zinadumu. Manjanja, yaani mabati, juu, mfereji kwenye ukingo, pipa chini. Choo ndicho kinachotesa: mwamba hauchimbiki, basi tunakijenga juu na kupanda ngazi. (Mgeni hucheka akikiona. Akipewa mtaimbo achimbe mwenyewe, hacheki tena.)

Jambo jingine, wapangaji wanalijua vizuri. Kuna wengi hapa wasio na parseli, kiwanja chao wenyewe, ila wana nyumba. Mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, wanabomoa, wanang'oa misumari na kuinyoosha, wanahamishia mbao kartie nyingine, yaani mtaa mwingine. Tukikataza mbao, watu hao tunawapeleka wapi?

Sisemi durable ni mbaya. Usiku wa Goma ni wa baridi, tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na upepo unapita kwenye nafasi za mbao kama vile hakuna ukuta. Na kuna moto. Hapo wanaolalamika wana haki. Mbabula, jiko la makaa, ikianguka, mshumaa ukisahauliwa, au waya mmoja wa umeme ukigawiwa nyumba nyingi, mstari mzima unateketea kabla watu hawajatoa magodoro. Lakini tazameni kartie zenyewe: nyumba zimebanana hata mtu na mzigo wake hawapishani. Gari la kuzimamoto lipite wapi? Kabla ya kulaumu mbao, komini zetu mbili, Goma na Karisimbi, zisimamie njia kati ya parseli. Na mwenye parseli anayetaka kuongeza chumba cha kupangisha juu ya hiyo njia akataliwe, hata awe mkubwa wa namna gani.

Upande wa etaji nina woga zaidi. Kule kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, kuelekea magharibi ya mji, kuna mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mabondeni. Mbuzi hufa humo, na watu pia. Nyumba inayovuja upepo haikusanyi hewa hiyo kirahisi, ila sasa naona watu wanachonga mwamba kupata vyumba vya chini ya ardhi, vya stoo na vya magari, wanavifunga kwa vioo na milango ya chuma. Kabla ya kuruhusu shimo la namna hiyo, komini ingewauliza kwanza wataalamu wa volkano, tunao hapa hapa mjini.

Tena kuna vyuma. Nimefika kwenye majengo ya ghorofa tatu ambako nguzo zina vyuma vyembamba, na pete za kuvifunga zimeachana mno, kwa sababu mwenye mali anataka kubana pesa sehemu isiyoonekana. Kwenye ardhi inayotetemeka, jengo la aina hiyo ni hatari kuliko mbao zote za kartie yetu ya Majengo. Ombi langu kwa wakubwa ni dogo: mtu wa komini afike kuangalia vyuma kabla betoni, yaani zege, haijamwagwa. Ikishamwagwa, hata fundi mwenyewe hawezi kuonyesha kilichomo.

Fundi wa mbao na mawe,
Majengo, Goma