Kabla hujatudai tuflashi tena, tuletee chaja

Lalamiko huja dukani kwetu vile vile kila mara. "Mlinitoza pesa mkaflashi, na sasa imerudi pale pale." Kuflashi ni kufuta kadi na kuiandikia mfumo upya. Kodi, programu ya kutazamia filamu, inafunguka, filamu inacheza robo saa, picha inaganda, halafu kioo cheusi. Mteja anaona ameliwa. Nasi tukiiweka mezani kwetu, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ile ile, kadi ya kumbukumbu ile ile, inacheza mchana kutwa. Ikirudishwa nyumbani Bamburi, hapa Mombasa, inakufa jioni.

Kitu ambacho hakikuja dukani ni chaja. Ilibaki nyumbani kwenye soketi nyuma ya TV, na mara nyingi ni ya simu.

Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Pi 3 inataka volti hizo hizo kwa ampea 2.5. Sasa chukua chaja yako ya "wati 33" uigeuze, usome yale maandishi madogo. Huenda ukakuta kwenye volti 5 inatoa ampea 2 tu. Wati zilizobaki ziko kwenye volti 9 kwenda juu, na hizo hutolewa kifaa kikiziomba. Simu inaziomba, Pi 4 haiziombi kamwe. Kwa hiyo ukubwa wa wati kwenye boksi hauisaidii Pi chochote.

Kisha kuna waya, na hapa ndipo watu hubisha. Waya mwembamba wa geji 28 wenye urefu wa mita moja, ukipitisha ampea 2, unakula karibu volti 0.85 njiani, kwenda na kurudi. Volti 5 zilizotoka kwenye chaja zinafika 4.15. Pi huanza kulalamika zikishuka chini ya 4.63 hivi: taa nyekundu inapepesa au inazimika, na prosesa inapunguzwa mwendo. Ongeza diski ya nje juu yake. Matundu manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 kwa jumla, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kudai karibu ampea nzima peke yake. Diski inajitoa katikati ya filamu, uandishi wa data kwenye kadi unakatika njiani, na siku moja mfumo hauwaki.

Ndiyo maana kuflashi huonekana kama dawa. Mfumo mpya ni msafi, unawaka vizuri, mpaka umeme mbovu uuharibu tena. Anayekuflashia kwa bei ya chai bila kukuuliza chaja anajua utarudi.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Kwenye mipangilio ya LibreELEC, mfumo unaoendesha Kodi, washa SSH (njia ya kuingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine), ingia, cheza filamu nzito nusu saa diski ikiwa imechomekwa, kisha andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, umeme ni mzima. Likiwa 0x50005, umeme umepungua sasa hivi. 0x50000 maana yake ulipungua tangu ulipowasha, ingawa kwa sasa umetulia. Usizime kabla ya kusoma, kwani kumbukumbu hiyo hufutika Pi ikiwaka upya.

Njia nyingine ya mkato ni ile UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Stima ikipotea, wateja wanahamishia Pi huko. Nyingi zinatoa ampea 2 kwenye tundu la USB. Kwa ruta sawa, kwa Pi 4 yenye diski hapana. Bora uizime Pi kutoka kwenye menyu ya Kodi kila umalizapo kutazama, kwa sababu stima kukatika wakati kadi inaandikwa ndiyo njia ya pili ya kuua mfumo.

Kadi nazo. Tumepokea kadi za "GB 128" ambazo ndani ni GB 8. Zinakubali kuandikwa, kisha zinameza mafaili. Tunazipima kwa programu ya H2testw, inayojaza kadi nzima na kuisoma tena, kazi ya saa kadhaa kwa kadi kubwa. Hapo ndipo pesa yako inaenda, si kwenye kubofya. Na kadi ya GB 16 halisi inatosha, maana filamu zinakaa kwenye diski.

Joto halihitaji maneno mengi: Pi 4 hupunguza mwendo ikifika nyuzi 80. Kaskazi ikivuma, ukaifungia kwenye kabati la TV Kizingo, itafika. Itoe nje, iweke kasha la alumini. Walio karibu na bahari Nyali wakague kutu ya kijani kwenye tundu la HDMI. Inasafishwa kwa isopropili na brashi laini, si kwa mafuta ya bawaba.

Si kila kukwama ni umeme, lakini. Filamu iliyobanwa kwa mtindo wa H.265 kwenye Pi 3 inaweza kukatakata hata ukiipa umeme wa ikulu, kwa sababu haina kifaa cha kuifungua ndani yake. Bonyeza O kwenye kibodi ikicheza, utaona aina ya video. Na rimoti ya TV isipofanya kazi kwenye Pi 4, hamisha waya kwenye tundu la HDMI lililo karibu na la umeme, kisha uwashe CEC (inayoruhusu rimoti ya TV kuendesha Pi) kwenye TV: Samsung huiita Anynet+, LG SimpLink.

Kupima kwetu ni shilingi 500, na zinakatwa kwenye bili ukikubali kazi. Uje na Pi, chaja unayoitumia kweli, waya wake, kadi na diski. Ukiwa umebadilisha chaja asubuhi hiyo, tafadhali lete na ile ya zamani.