Shata likigongwa, si lazima liwe jipya

Mhariri,

Gari likigonga shata la gereji, wengi huambiwa neno moja tu: ng'oa, weka jipya. Ushauri huo unawatoa watu fedha bila sababu. Shata, yaani mlango wa bati unaojiviringisha juu, ni mapande ya bati yaliyofumwa kwa kulabu za kingo zake, reli mbili za pembeni, flatibaa (chuma bapa) ya chini, na bomba la juu lenye springi. Karibu kila sehemu hubadilishwa peke yake.

Kwa shata lisilo la mota, anza na springi. Inua mpaka usawa wa kiuno, kisha achia taratibu, miguu ikiwa mbali. Likitulia hapo, springi ni nzima. Likiporomoka, zimelegea au moja imekatika. Zibadilishwe zote pamoja, kwa unene uleule wa waya, kipenyo kilekile na urefu uleule. Mwenye nyumba asijaribu kuzibadilisha mwenyewe; springi iliyokazwa ikifyatuka huvunja mkono.

Mapande yaliyobonyea, mara nyingi ya chini linakofikia bampa, huchomolewa kwa ubavu baada ya kufungua reli moja. Kazi ni kupata yanayolingana nayo. Nenda dukani na kipande kilichokatwa kwenye pande bovu, ulinganishe upana, unene wa bati na hasa umbo la kulabu. Kulabu zikipishana hata kidogo, shata litakwama linapojiviringisha. Reli iliyopinda kidogo hunyooshwa. Iliyobanana mdomo, yaani nafasi yanamopita mapande, ibadilishwe.

Kuna mashata yasiyofaa kutengenezwa. Bomba likipinda, shata hupanda upande upande na kula reli hata ukibadilisha mapande yote. Na huku Pwani, chumvi huanza kula ndani ya kulabu, mahali rangi haifiki. Shusha shata lote, uchokonoe maungio kwa bisibisi, kuanzia chini. Bati likimeguka sehemu nyingi, nunua jipya.

Mafundi wenzangu, tuache kuchomelea viraka kwenye mapande. Joto linaunguza zinki inayokinga bati, na kutu huanzia palepale kwenye kiraka. Mapande mawili yakishikanishwa hayakunjiki tena, kwa hiyo kila ukifungua unayalazimisha mapande ya jirani. Moshi wa zinki nao humpa mchomeleaji homa. Flatibaa inaweza kuchomelewa, mradi isagwe kwa grainda, ipakwe praima ya zinki, kisha rangi. Tusipake grisi kwenye reli pia: hunasa mchanga, na mchanga husaga bati.

Mteja naye adai bei kwa mchanganuo: springi, mapande, reli na ufundi, kila kimoja peke yake, kando ya bei ya shata jipya. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, na shata lenyewe limeshachakaa, mimi humshauri anunue jipya.

Fundi wa milango ya chuma,
Tanga