Ameacha Valium, mbona hapati nafuu? Tunaomba ushauri

Ndugu Mhariri na wasomaji,

Salamu kutoka Mbeya. Sisi ni kikundi kidogo cha wauguzi na ndugu wa wagonjwa. Tunawasindikiza watu waliomaliza tiba ya utegemezi wa vidonge vya jamii ya benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi: wengi diazepamu (Valium), wachache klonazepamu au alprazolamu. Wapo wa Uyole na Tukuyu, wapo wa Mafinga na Makambako. Kinachotuelemea si kuacha, maana kuacha kuna utaratibu wake unaojulikana. Kinachotuelemea ni miezi inayofuata, pale mtu hana tena kidonge mwilini lakini halali, mikono inatetemeka, masikio yanalia, na nyumba nzima imechoka kumsubiri apone.

Tueleze kwanza mambo yanavyokwenda, ili mtakaojibu msitupe jibu la heroini. Watu wamezoea arosto ya heroini, yaani dalili za mwili kukosa dawa uliyoizoea, ambayo hupamba moto siku ya pili au ya tatu na kwa sehemu kubwa hutulia ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Hata nyumba nyingi za soba, wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya, zimepanga ratiba zao kwa mtindo huo. Diazepamu haiendi hivyo. Hukaa mwilini muda mrefu, na ini likiivunja hutoa mabaki ambayo nayo yanafanya kazi kama dawa na hukaa kuliko diazepamu yenyewe. Ndiyo maana wiki ya kwanza baada ya kidonge cha mwisho mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Familia inachinja kuku, mchungaji anaitwa. Siku chache baadaye dalili zinapanda, na wa kwanza kulaumiwa ni yeye: ama amerudia, ama anadeka.

Sababu iko kwenye ubongo. Kemikali iitwayo GABA ndiyo breki ya mishipa ya fahamu, na vidonge hivi huongeza nguvu ya breki hiyo. Vikitumiwa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo hupunguza usikivu wake kwa GABA ili mambo yalingane. Kidonge kikiondoka, usikivu haurudi siku hiyo. Kwa wengi dalili kali hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Lakini kwa waliotumia muda mrefu, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 hubaki na dalili kwa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Na nafuu yenyewe haiji kwa mstari ulionyooka. Mtu anapata siku tisa nzuri, anaanza kwenda sokoni, halafu usiku mmoja moyo unaanza kwenda mbio na ganzi inarudi miguuni. "Imerudi," ndivyo wanavyosema, na sauti huwa ya mtu aliyeshindwa.

Wengi wanaotufikia walipunguziwa haraka mno. Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa Marekani mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 kila wiki 2. Sisi tunakutana na mtu aliyetoka miligramu 20 hadi sifuri ndani ya wiki tatu. Mwisho wa safari ndio mgumu zaidi, kwa sababu ya hesabu tu. Kidonge cha miligramu 5 hukatwa nusu, kisha robo. Kutoka 2.5 kwenda 1.25 ni kupunguza nusu nzima, ingawa kwa macho ni kipande kidogo. Wapo wanaokwenda Chunya kutafuta mizani ya wanunuzi wa dhahabu ili wapime vipande. Inayosoma gramu 0.01 haifai. Kidonge kizima kikiwa na uzito wa gramu 0.160, asilimia 10 yake ni gramu 0.016, kwa hiyo inatakiwa mizani inayosoma gramu 0.001. Kusaga na kukoroga kwenye maji nako kuna kasoro: diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, hutuama chini ya chupa, na asiyetikisa sawasawa anakunywa kidogo leo na nyingi kesho.

Hayo yamepita kwa hawa tunaowazungumzia. Hawana kidonge tena. Walichonacho ni kukata tamaa, na tunaamini kukata tamaa huko kunawarudisha famasi kuliko tetemeko lenyewe. Tukifuatilia chanzo, mara nyingi tunakuta tarehe. Mtu aliambiwa siku ya kutoka, "baada ya wiki mbili utakuwa sawa." Akaiamini, mwajiri akaambiwa, mke akapanga shamba kwa tarehe hiyo. Ilipopita bila nafuu, kila siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa ni ya kushindwa. Maneno yale yanasemwa kwa huruma, hatukatai, lakini tunayaona kuwa na madhara kuliko ukimya.

Kwa sasa tunatumia daftari. Linajazwa mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, si kila siku. Anayejipima asubuhi, mchana na usiku hugeuka mlinzi wa mapigo ya moyo wake, na wasiwasi unaongezeka kwa kuangaliwa. Anaandika saa alizolala usiku wa kawaida na usiku mbaya kuliko yote, wasiwasi kwa alama 0 hadi 10, maumivu hivyo hivyo, kisha mambo aliyoweza kufanya: kupanda daladala kutoka Uyole hadi Mwanjelwa bila kushuka njiani, kusimama kwenye foleni ya benki, kupalilia matuta mawili. Anaulinganisha ukurasa huo na wa wiki nne nyuma. Haruhusiwi kuulinganisha na hali ya jana, wala na alivyokuwa kabla ya kuanza vidonge. Alama za wasiwasi zinaweza kukaa pale pale huku orodha ya aliyoweza ikirefuka, na hilo mgonjwa halioni mpaka aonyeshwe kwa kidole.

Usingizi ndio unaovunja watu. Kanuni za kawaida tunazifuata: kuamka saa ile ile hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutolala mchana, na kutoka kitandani usingizi usipokuja kwa takriban dakika 20. Sasa mwambie mtu wa Makete atoke kitandani saa nane usiku kwenye baridi ya mwezi wa saba! Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, na hilo tunalikataza kabisa kwa sababu hewa ya mkaa inaua kimya kimya. Tunachofanya ni kuweka kiti karibu na kitanda, blanketi zito, soksi, na chupa ya chai ya mchaichai iliyoandaliwa mapema. Ya mchaichai, si ya majani. Huku ambako chai ya Mufindi na Rungwe ndiyo kinywaji cha kila saa, kumshawishi mtu asinywe chai ya rangi wala kahawa baada ya saa sita mchana ni kazi kuliko kumwachisha sigara.

Yako mambo yanayoharibu bila mtu kujua. Pombe ni ya kwanza, kwa kuwa inagusa breki ile ile. Msimu wa ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi, tunabishana sana: wanasema ukiwa mtamu si pombe. Lakini ulanzi huendelea kuchacha tangu unapogemwa, na wa jioni si ule wa asubuhi. Piritoni inayomezwa kwa ajili ya usingizi huzoeleka haraka. Fenobabitoni (dawa ya kifafa) na zolpidemu (dawa ya usingizi) ni kurudi kwa mlango wa nyuma, maana zinafanya kazi palepale. Siprofloksasini, ile "sipro" ya UTI na taifodi, inaweza kuamsha dalili kali kwa mtu aliyetoka kwenye benzodiazepini. Hatusemi akatae antibayotiki anayoihitaji. Tunasema amweleze daktari ili aangalie kama ipo nyingine inayofaa. Na kwa aliye bado anapunguza, dawa za TB zina lao: rifampisini huharakisha kuondoka kwa diazepamu mwilini, mtu akajikuta kwenye arosto ilhali dozi haijabadilika.

Linalotutisha zaidi ni anayerudia dozi ya zamani. Aliyezoea vidonge sita kwa siku, akakaa miezi bila hata kimoja, mwili umeshapoteza mazoea. Akimeza sita juu ya pombe, au akiwa kwenye methadoni (dawa wanayopewa walioacha heroini), pumzi inaweza kukatika usingizini.

Pia si kila dalili ni masalia ya kidonge. Moyo kwenda mbio, kutetemeka na kukonda vinaweza kuwa tezi la shingo, na nyanda hizi zililijua goita sana kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Upungufu wa damu, sukari, sonona, vyote hujificha nyuma ya maneno "ni arosto tu." Kwa hiyo tunaomba vipimo hivyo vifanywe mapema. Anayepata degedege, anayechanganyikiwa au anayezungumzia kujiua hatumsubirishi Jumapili ya daftari; anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na halali peke yake.

Sasa tunachoomba. Kikundi chetu kimegawanyika juu ya jambo moja. Je, mtu anayeanza kupunguza aambiwe siku ya kwanza kwamba dalili zinaweza kuendelea mwaka mzima? Wenzetu wauguzi wanasema aambiwe, kwa sababu kukata tamaa kunatokana na ahadi isiyo kweli. Ndugu wa wagonjwa wanasema ukimwambia hivyo hataanza kabisa, au ataanza akiwa anazisubiri dalili, na kuzisubiri kunaziongeza. Pande zote mbili zina hoja. Tumejaribu kusema "wengi hupata nafuu ndani ya miezi, wachache huchukua muda zaidi, na hatujui wewe uko wapi," lakini mgonjwa anatoka akiwa amesikia nusu ya kwanza na mama yake amesikia nusu ya pili. Ninyi mnasema maneno gani hasa? Tuandikieni sentensi zenyewe, siyo kanuni.

Madaktari na wafamasia tunawauliza la pili. Aliyeachishwa haraka akapata dalili kali ndani ya wiki chache, tunajua anaweza kurudishiwa dozi ndogo chini ya daktari, kisha akapunguziwa upya taratibu. Aliyekaa miezi saba bila kidonge je? Baadhi wanakuja wakiomba hilo, na tunasita: dozi ndogo huenda isimsaidie tena, na akishaanza ana safari nyingine ya kupunguza mbele yake. Mnatumia vigezo gani kuamua? Na mnawezaje kutofautisha masalia ya vidonge na wasiwasi wa awali uliomfanya aandikiwe vidonge? Sisi tunaangalia dalili ambazo hakuwa nazo kabla, kama ganzi, masikio kulia na kushtushwa na mwanga au sauti ndogo, lakini hatuna uhakika kama kipimo hicho kinatosha.

La mwisho ni la wakulima. Mvua za Novemba zikianza, hakuna familia inayomwacha mwanamume mzima akae barazani. Analima siku nzima kwa sababu anajisikia vizuri, na siku mbili zinazofuata yuko kitandani akitetemeka. Tunapanga alime dakika 60 asubuhi, apumzike, kisha nusu saa jioni, tukiongeza robo saa kila wiki kama wiki iliyopita haikumwangusha. Baba mkwe haelewi kwa nini kijana mwenye mikono yote miwili analima kwa saa. Aliyefanikiwa kumweleza baba mkwe wa namna hiyo, tena bila kumfanya kijana aitwe teja, atuambie alianzaje mazungumzo.

Tunatanguliza shukrani.

Wasindikizaji,
Mbeya