Barua kwa Ndugu Barasa kuhusu orodha ya mafundi

Busia, Uganda

Ndugu yangu Barasa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hatujambo, ila mvua inatusumbua. Nimeipata nakala ya orodha ya wajenzi wa kikundi chetu uliyomwandalia yule mkandarasi wa ng'ambo ya mpaka, na nakusihi usiipeleke kabla hujaisoma barua hii, kwa sababu Mzee Wafula umemweka katika safu ya "wasio na ujuzi".

Naelewa ulichokusudia: hana cheti. Lakini kukosa cheti ni jambo moja na kukosa ujuzi ni jingine, na mkandarasi atakapoyasoma maneno hayo hutakuwapo umfafanulie. Atampangia mzee ujira wa kibarua wa kubeba zege. Wewe mwenyewe umemwona akiteremsha timazi kupima wima wa ukuta, akiukazia uzi macho, kisha akiligonga tofali kwa mpini wa mwiko mpaka likalingana na wenzake. Ukuta alioujenga kwa Mama Apio hauna ufa hata mmoja hadi leo.

Wale vijana wawili waandike "wanagenzi", maana mwanagenzi ni mgeni wa kazi ambaye bado anajifunza. Usikubali ushauri wa Kato wa kuwaita "malimbukeni"; neno hilo lina dharau. Na yule aliyeiboronga lipu ya nyumba ya katibu ni mzembe tu, kwani kazi anaijua sana, na sioni kwa nini awekwe safu moja na wanaojifunza, sembuse na mzee.

Kuhusu cheti, ipo njia. Kazi ya kupima iliyokuwa ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, sasa iko chini ya bodi ya serikali ya mitihani ya ufundi, nayo huwapima hata mafundi waliojifunzia kazini, kwa kuwatazama wakifanya kazi yenyewe, na anayefaulu hupewa hati ya ujuzi, Worker's PAS, inayotaja kazi anazozimudu. Mzee hahitaji kurudi darasani. Anahitaji kuonekana akijenga.

Je, orodha bado iko mikononi mwako? Utamhamishia mzee safu ya mafundi kabla ya Jumatatu? Kikundi kinaweza kumkopesha ada ya mtihani? Na utakwenda kumweleza wewe, ambaye mzee hukusikiliza kuliko sisi sote, au twende pamoja?

Ni mimi ndugu yako,
Okello