Mbona somo la kwanza linaishia chini? Habari ya fundo la nane

Wanaojiandikisha kwa mafunzo yetu ya kupanda miamba hapa Iringa wana swali moja linalojirudia kuliko yote. Mtu amelipa, ameamka alfajiri kwenye baridi ya Juni, ameletwa mpaka chini ya jabali, halafu nusu ya kwanza ya siku anakaa na kipande cha kamba mkononi akifunga na kufungua. Wengine huuliza kwa upole. Wengine wameshakasirika: "Kaka, mimi nimekuja kupanda!" Tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi, ili anayekuja aje akijua, na asiyekubaliana nalo aamue mapema kabla hajatoa hela yake.

Msimamo wetu ni huu. Hatumpandishi mtu ambaye hajaweza kufunga fundo la nane mwenyewe bila kuelekezwa, na kulikagua la mwenzake. Hata kama alishapanda kwingine, na hata kama mwalimu atakuwa amesimama naye bega kwa bega.

Wengi wakiiangalia kamba wanaogopa itakatika. Hofu hiyo tunaielewa, lakini kwa kamba halisi ya kupandia, nene kiasi cha milimita 10 na isiyochubuka, ni jambo la nadra sana. Kamba hizi zimefumwa kwa nailoni na zinavutika, kwa hiyo ukianguka inakupokea badala ya kukukata kiuno. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 892 kinataka kamba ya kutumiwa moja isipitishe mshtuko unaozidi kilonewtoni 12 katika anguko la kwanza la majaribio, sawa na uzito wa kilo 1,200 hivi, na majaribio hayo ni makali kuliko maanguko ya kawaida ya mwanafunzi. Ni kweli fundo lolote huipunguzia kamba nguvu, maana pale inapojipinda nyuzi za nje hubeba mzigo kuliko za ndani. Fundo la nane hula takribani robo. Kinachobaki kinakutosha na kuzidi.

Kinachoumiza watu ni fundo lililoachwa nusu, au kamba iliyopitishwa pasipo mahali pake kwenye mkanda wa kupandia, ule unaovaliwa kiunoni na mapajani, au mkia mfupi, yaani ncha inayobaki nje ya fundo, ulioteleza ukatoka.

Lynn Hill wa Marekani ni miongoni mwa wapandaji hodari kuliko wote waliopata kutokea. Mwaka 1989, akiwa Buoux nchini Ufaransa, alianza kufunga kamba kwenye mkanda wake, akakatizwa, akapanda bila kulimalizia fundo. Alifika juu salama kabisa. Ni pale alipojiachia kwenye kamba ili ateremshwe ndipo alipoanguka, zaidi ya mita 20, na mti uliokuwa chini ndio uliomwokoa. Huyuhuyu, mwaka 1993, alikuwa mtu wa kwanza kuipanda njia ya The Nose kwenye jabali la El Capitan huko Yosemite kwa mikono na miguu yake, kamba ikiwa ya kumlinda tu. Hakuwa mgeni wa kazi wala mzembe. Ndiyo maana kwetu fundo likikatizwa, kwa simu au kwa salamu ya mpita njia, linafunguliwa lote na kuanzwa upya. Na anayefunga hasemeshwi.

Sasa fundo lenyewe. Pima kamba kutoka kwenye ngumi mpaka bega la upande wa pili mkono ukiwa umenyooka, karibu mita moja kutoka nchani. Hapo ndipo nane itakapokaa. Kunja kamba upate kitanzi, izungushe ncha nyuma ya kamba kuu mzunguko mzima, halafu iingize kitanzini. Ukiishia nusu mzunguko utapata fundo la kawaida la kufungia mfuko, na wanafunzi wengi wanakosea hapo. Ukizunguka sawasawa, ukivuta kidogo utaiona tarakimu 8 kama imeandikwa.

Kisha ncha inapita kwenye mkanda kutoka chini kwenda juu, kwenye vitundu viwili vya mbele: kwanza kile kinachounganisha mapaja, ndipo cha kiunoni. Siyo kwenye kile kitanzi kinene cha katikati, ingawa kinaonekana kama kimewekwa kwa kazi hiyo; hicho ni cha kuning'inizia kifaa cha mshika kamba, yaani mwenzako wa chini anayekushikia kamba unapopanda. Kamba yako inafuata njia ileile kilipopita kitanzi hicho. Baada ya hapo ncha inarudi kwenye nane na kuifuata kamba iliyotangulia ubavu kwa ubavu, kila kona, bila kuirukia, mpaka itokee sambamba na kamba kuu.

Usiridhike na kuvuta mara moja. Kuna kamba nne zinazotoka kwenye fundo, na kila moja inakazwa peke yake. Kitanzi kinachobaki kati ya fundo na mkanda kisizidi ngumi. Mkia usiwe chini ya sentimita 10; sisi tunapenda uzidi hapo kidogo.

Halafu kukagua, sehemu ambayo kwa maoni yetu inastahili muda mwingi kuliko kufunga. Mwenzako anaweka kidole juu ya fundo na kuhesabu kwa sauti: mbili, mbili, mbili, mbili, mbili. Jozi tano za kamba zilizolala pamoja. Akikuta mahali kamba iko moja, au tatu, hakuna kupanda. Anaangalia vitundu vyote viwili vimepitiwa, anaangalia kifungo cha mkanda, na wewe unaangalia kifaa chake na karabina yake, ile pete ya chuma yenye mlango inayokiunganisha na mkanda, kama imefungwa. Hakuna anayesema "mimi ni mzoefu, niache." Tunafanya hivyo hata sisi waalimu, kila mara, hata kama tumepanda pamoja tangu asubuhi.

Tunakufunga kitambaa machoni pia, maana asubuhi ya Julai vidole havisikii vizuri na ni lazima mikono ijue kazi bila kutegemea macho.

Wanafunzi wenye mikono mizuri kuliko wote ni wale waliowahi kuwa mautingo wa malori ya mbao za Mafinga. Wanafunga haraka, wanakaza kwa uzito wa mwili mzima, na lori likifika mwisho wa safari fundo linafunguka kwa mvuto mmoja. Kwa mzigo huo ni ufundi wa hali ya juu, na tunauheshimu. Ila mbao zinaivuta kamba muda wote, wakati mpandaji anaikaza na kuilegeza, anaisugua kwenye jiwe, anageuka huku na huku. Fundo lake linatakiwa lisijifungue hata likiwa limelegea, na mtu mwingine aweze kulisoma kwa kulitazama tu. Kwa sababu hiyohiyo hatuanzi na fundo la kitanzi la mabaharia. Linafunguka kirahisi hata baada ya kubeba uzito, na wapo wazoefu wanaolitumia kwa kuongeza fundo la usalama, lakini likikaa bila uzito hulegea, na mgeni hawezi kulikagua kwa uhakika.

Hapohapo mtu huuliza kama anaweza kuja na kamba ya manila ya sokoni ili apunguziwe bei. Tafadhali, hapana. Nyingi ni za plastiki, zinateleza hata fundo halikai, hazivutiki kama kamba ya kupandia, huharibika juani, na huyeyuka kwa joto la msuguano mapema kuliko nailoni. Katani nayo ibaki kwenye magunia na mifugo.

Mafundo mengine yanakuja siku ya pili. Kuna la kujifunga kwenye karabina, unaloweza kulirefusha na kulifupisha bila kulifungua. Kuna la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931: kamba nyembamba inazungushwa juu ya nene, inateleza ukiisukuma kwa mkono na kung'ang'ania ukiiwekea uzito. Hayo mtayaona mkiwa na sisi.

Lipo moja dogo ambalo hatulisubirishi: fundo la kuzuia mwishoni mwa kamba, upande wa mshika kamba. Kamba ya mita 60 haimteremshi mtu kutoka mita 35, kwa sababu inakwenda juu na kurudi. Bila fundo pale mwisho, ncha itapita kwenye kifaa na mikono ya mshikaji, na mpandaji ataanguka kilichobaki. Linafungwa hata kwenye njia fupi, ili liwe mazoea.

Kuhusu mahali: jabali la Gangilonga hapa mjini hupandwa kwa miguu, huhitaji kamba wala sisi kwenda kuuona mji kutoka pale juu. Nguzo za Isimila hatuzipandi kabisa; ni udongo uliochongwa na maji, unamomonyoka, na ni eneo la urithi. Penye michoro ya kale ya miambani kama Igeleke pia hatugusi. Tunafundishia kwenye granite kavu na imara, kwa ruhusa ya wenye eneo, na mvua ikinyesha tunahamisha siku bila kukudai zaidi.

Njoo na suruali inayokuruhusu kukunja goti, koti, na maji. Kata kucha. Nywele ndefu zifungwe nyuma, zisije zikaingia kwenye kifaa, na pete ziacheni nyumbani. Kamba, mikanda, na kofia ngumu ni vyetu. Ukifika utapewa kipande chako cha kamba cha mita 2, na jioni ukitaka unaondoka nacho ukaendelee na mazoezi.