Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Matembezi, mafunzo ya darubini na usafishaji wa ufuko vilifanyika kama mnavyojua. Hesabu ya Januari, inayoingia katika sensa ya kimataifa ya ndege wa majini iliyoanza 1967, nayo ilikamilika.

Nije kwenye lililozua maneno: hesabu kufanyika maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa, badala ya maji yakipwa, hata siku ikiangukia katikati ya wiki. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, na bado nalisimamia. Maji yakitoka, vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, hutawanyika topeni wakitafuta chakula, na kundi lilelile huhesabiwa mara mbili. Yakijaa, wote husukumwa pamoja na ndege wakubwa kama sululu na yangeyange hadi kwenye fungu la mchanga. Mkataba wa Ramsar wa 1971, wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, hutambua ardhioevu yenye kukaliwa mara kwa mara na asilimia 1 ya idadi ya spishi moja; kwa tarakimu zilizovimba hatuwezi kutetea eneo lolote.

Tunafika takriban saa mbili kabla ya maji kufika kileleni, kwani fungu likifunikwa ndege huhama. Jua liwe mgongoni. Hesabu ndege kumi, tazama nafasi waliyoshika, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Wawili wahesabu kila mmoja kivyake; wakipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, warudie. Wadogo hujificha nyuma ya miguu ya sululu, kwa hiyo watafutwe kwanza. Kuna aina mbili za vitwitwi, kwa majina ya kisayansi: Calidris minuta ana miguu myeusi na mdomo mfupi ulionyooka. Calidris ferruginea ni mkubwa zaidi, mdomo wake umepinda kwenda chini, na akiruka huonyesha kiuno cheupe. Asiyetambulika aandikwe "kitwitwi mdogo"; kubahatisha jina ni kuharibu daftari.

Waliolalamikia katazo la kusogelea ndege na kamera wafahamu kwamba minuta ana gramu 20 hadi 30 tu, na kwa mwili huo analimbikiza mafuta ya kumfikisha tundra, nyika baridi isiyo na miti, ya Siberia kuzaliana. Kila akitimuliwa, mafuta hayo yanaungua bure.

Mahudhurio yananisikitisha. Baadhi ya wanaopinga siku za kazi hawakuonekana hata hesabu zilipokuwa Jumapili. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, ilhali lenzi ya darubini yetu ya miguu mitatu imeshika ukungu kwa unyevu wa baharini.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata darubini nyingine, na fedha zikiruhusu, kuwafundisha vijana kutambua vitwitwi kwa sauti.