Kigari chako na pikapu yangu

Mwanangu mpendwa,

Mama yako kanionesha picha ya hiyo Mazda Miata ya 2002 unayoitaka, kigari cha watu wawili chenye paa la turubai. Nilicheka. Nikamwambia, jitu refu kama lile halitaingia humo, litakivaa kama kanzu.

Basi Jumapili jirani akanipa ya kwake niendeshe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tungegombana.

Pikapu yangu, Ford F-150, unaijua. Urefu inakaribia mita 6, upana mita 2 bila vioo, na uzito ni tani 2 na ushee kabla sijafunga tela la mashine za nyasi. Hapa Houston ndiyo iliyokulipia ada. Lakini kona naipiga kama nahodha anayegeuza jahazi. Kigari kile hakifiki mita 4, uzito wake tani 1 na kidogo. Nguvu za farasi 142. Yangu ina 375. Kwenye taa za barabarani nakiacha. Ila nilipogusa usukani tu, pua ikafuata papo hapo, na mkono wa gia mfupi, unasogea kwa kiganja. Nilikuwa maili 35 kwa saa nikidhani nakimbizwa na polisi! Kumbe raha yake si kasi, ni wepesi. Kisichokuwa na uzito hakidai injini kubwa wala breki kubwa.

Halafu tukasimama kwenye taa. Nyuma yangu ikaja pikapu kama ya kwangu, kioo chote kikajaa bampa. Mwanangu, mimi hukaa juu kule. Mbele ya boneti pana mahali sipaoni kabisa, mtoto mdogo anaweza kusimama pale nisijue. Na zikigongana, nyepesi ndiyo inayorushwa. Kwa hiyo usijibanze ubavuni mwa pikapu. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Taa washa hata mchana.

(Hilux tulizozoea Tanga hapa haziuzwi. Mwaka 1964 Marekani ilianza kuzitoza pikapu za kutoka nje ushuru wa asilimia 25, na chanzo chake ni ugomvi wa biashara ya kuku kati yake na Wazungu wa Ulaya. Kuku!)

Sasa, usimpe yule muuzaji hata senti kabla sijafika. Umesema gari limetoka Ohio, na huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, nayo chumvi huleta kutu. Nitakuja Jumamosi na kikombe cha maji. Nyuma ya viti, kila upande, turubai la paa linapokutana na bodi, pana tundu la kupitishia maji ya mvua. Nitamimina hapo. Yakitoka chini, karibu na tairi la nyuma, tutaongea bei. Yasipotoka, ujue huenda kwa miaka yamekuwa yakilala ndani ya bodi. Tutagonga chini ya mlango, na kutu ikidondoka tunaondoka zetu.

Tukikinunua, buti lake halimezi zaidi ya begi moja. Godoro lako nitabeba mimi.

Baba yako